Krediti za mafunzo ya jeshi la Marekani: ulizeni zinaingia wapi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu niwaandikie vijana wetu walio katika jeshi la Marekani, pamoja na wazazi, wajomba na dada zao wanaowashauri kwa simu kutoka Nairobi, Mombasa, Arusha na Bukavu. Baadhi yao walifika kwa bahati nasibu ya viza, wengine wakiwa wakimbizi. Wapo pia walioandikishwa kati ya 2009 na 2016 kwa MAVNI, mpango wa kuwaandikisha wageni wenye ujuzi maalumu, ambao Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zake. Huku nyumbani tunaambiana tu kwamba "jeshi litamsomesha". Ni kweli, litalipa ada. Lisilosemwa ni kwamba mafunzo aliyokwisha kuyapata huko jeshini yanaweza yenyewe kuhesabiwa kuwa sehemu ya shahada, na kwamba wengi hupoteza nafasi hiyo wakiwa na karatasi mkononi.

Nina hoja moja. Masomo ya chuo huko hupimwa kwa krediti, nazo hujumlishwa hadi kufikia shahada. Krediti ya jeshini ina thamani pale tu inapojaza nafasi ambayo shahada inaidai. Isipopata nafasi, hata ziwe 50, hazimpunguzii mtu hata wiki moja darasani.

Anayeyapima mafunzo ya kijeshi ni American Council on Education, ACE kwa kifupi, baraza la vyuo lililoanza kazi hiyo 1945, wakati askari walipokuwa wakirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na GI Bill ya kwanza, sheria ya kuwasomesha maveterani, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. ACE huwakusanya walimu wa vyuo, wakapitia mtaala wa kozi ya kijeshi, vitabu vyake, mitihani yake na saa zake, kisha wakaandika kwamba kozi hii inalingana, kwa mfano, na krediti 3 za usimamizi wa ghala. Neno la kushika hapo ni pendekezo. ACE haimpi mtu krediti hata moja, inapendekeza tu. Chuo ndicho kinachoamua kupokea zote, kupokea nusu au kukataa, na vyuo viwili vilivyo mtaa mmoja vinaweza kuamua tofauti kabisa. Kijana anayesema "nina krediti 40 za ACE" ana mapendekezo 40. Krediti bado hana.

Mapendekezo hayo huandikwa kwenye hati iitwayo Joint Services Transcript, JST. Inawahusu Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Majini, Marine na Walinzi wa Pwani. Hailipiwi. Wengi huiangalia juu juu wakahesabu jumla, lakini inafaa isomwe mstari kwa mstari. Sehemu moja ni ya kozi alizohudhuria, nyingine ni ya kazi aliyoifanya na ngazi aliyofikia, kwa kuwa sajenti aliyesimamia watu hupimwa tofauti na kuruta wa fani ileile. Kila kozi ina namba inayoanza kwa herufi za tawi lake: AR ni nchi kavu, NV ni majini, MC ni Marine. Tazameni tarehe pia. Kozi yenye jina lilelile hupimwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo aliyeisoma 2012 na aliyeisoma 2019 wanaweza kupewa mapendekezo yasiyofanana, na hakuna aliyeonewa.

Kando ya kila pendekezo kuna herufi ya ngazi. V ni ya vyeti vya ufundi, L ni masomo ya miaka miwili ya kwanza, U ni ya miaka miwili ya juu, G ni ya shahada ya uzamili. Sehemu kubwa ya mafunzo ya askari wa kawaida huangukia L na V. Hapo pana tatizo ambalo hakuna anayemwonya kijana mapema: shahada ya kwanza hudai kiasi fulani cha krediti za ngazi ya juu, na rundo la L haliwezi kuziziba hata liwe kubwa namna gani.

Tuchukue mfano. Shahada ya kwanza ina krediti 120. Katika vyuo vya umma vya Texas, 42 kati ya hizo ni masomo ya msingi ya lazima: uandishi, hisabati, sayansi, historia ya Marekani, serikali na mengineyo. Tuseme fani yenyewe inadai 60, na zinabaki 18 za masomo ya hiari. Anakuja askari wa ugavi, fani ya kijeshi inayoitwa 92A, JST yake ina mapendekezo 35. Ofisi ya msajili, ambayo ina mafaili mengi na muda mchache, inayapokea yote na kuyaandika "masomo ya hiari". Kijana anafurahi, anapiga simu nyumbani. Lakini nafasi za hiari zilikuwa 18. Krediti 17 zilizobaki zimepokelewa, zimeandikwa, na hazifanyi kazi yoyote. Bado anadaiwa krediti zote 42 za msingi na zote 60 za fani ya chuo.

Sasa askari huyohuyo, kwa JST ileile, akichagua shahada ya biashara upande wa ugavi na usafirishaji, anaweza kuomba usimamizi wa ghala na udhibiti wa akiba vihesabiwe kama masomo ya fani yenyewe. Hapo karatasi inaanza kumlipa. Simwambii mtu achague fani asiyoipenda kwa ajili ya krediti. Ninachosema ni kwamba auone mpangilio huo kabla ya kuchagua. Asiugundue mwaka wa tatu.

Kubadilisha krediti ya hiari iwe ya somo maalumu kunawezekana, na mwenye uwezo huo kwa kawaida ni mkuu wa idara. Msajili hawezi peke yake. Namna ya kuomba ni hii. Fungua Mwongozo wa Kijeshi wa ACE kwenye tovuti yao, tafuta kozi kwa namba iliyo kwenye JST, hakikisha tarehe zinalingana na zako, chapisha ukurasa wenye maelezo ya kilichofundishwa. Chukua maelezo ya somo la chuo kutoka mwongozo wa masomo wa chuo. Weka mbili hizo pamoja, pigia mstari yanayolingana, ambatisha barua ya nusu ukurasa inayotaja somo moja kwa namba yake, mpe mshauri wako wa masomo aipeleke idarani. Ombi la jumla, "naomba mafunzo yangu yatambuliwe", hujibiwa kwa jumla. Ombi linalotaja somo moja humlazimu mwalimu wa somo hilo kulisoma na kusema ndiyo au hapana. Na lipelekwe kabla ya kujiandikisha somo husika, kwa sababu ukishalisoma na kulipiwa, hakuna cha kurudisha.

Kwenye uuguzi nawaomba wazazi wanisikilize kwa makini, maana ndiko wengi wetu tunakowasukuma watoto. Mhudumu wa tiba wa kikosi, fani ya kijeshi 68W, husoma karibu wiki 16 huko Fort Sam Houston, San Antonio, na hufanya mtihani wa taifa wa EMT, yaani mhudumu wa dharura. Ni mafunzo mazito. Hata hivyo JST haina alama za A wala B. Krediti zake huingia bila alama, haziinui wastani wala kuushusha. Programu za uuguzi huchagua wanafunzi kwa alama za anatomia, fiziolojia na kemia zilizosomwa pamoja na maabara, kwa hiyo pendekezo la ACE halimsaidii mwombaji kwenye ushindani huo. Saa za mazoezi ya hospitali nazo zina masharti ya bodi ya wauguzi ya kila jimbo. Mafunzo ya 68W huingia vizuri zaidi kwenye shahada za huduma za dharura na uongozi wa huduma za afya. Mwenye nia ya uuguzi ni afadhali aulize tangu mwanzo kuhusu fani 68C, ambayo humtoa mtu akiwa muuguzi wa ngazi ya LPN, kisha atafute chuo chenye njia ya kuwapandisha LPN kuwa wauguzi waliosajiliwa. Na yeyote mwenye cheti cha EMT asikiache kife: huhuishwa kila baada ya miaka miwili, na kukirudisha ni kazi ngumu kuliko kukitunza.

Kuna hazina moja wengi wetu tunaikalia bila kujua, nayo ni Kiswahili chenyewe. Jeshi lina mtihani wa lugha uitwao DLPT, na Kiswahili kimo. Unapima kusikiliza na kusoma, na kuzungumza hupimwa kwa mahojiano yake. ACE ina mapendekezo ya krediti kwa alama za mitihani hiyo. Kwa nini nalitia uzito? Kwa sababu shahada nyingi za sanaa hudai mihula miwili hadi minne ya lugha ya kigeni. Hiyo ni nafasi ya lazima, iliyo wazi, na kijana wetu anaweza kuijaza kwa lugha aliyonyonya na maziwa ya mama. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wana Kifaransa pia: kuna CLEP, mitihani ya kupata krediti bila kukaa darasani, na ule wa Kifaransa ukipata alama 50, ACE hupendekeza krediti 6. Tahadhari ni kwamba vyuo vingine havimpi mtu krediti za lugha yake ya kwanza. Humwondolea sharti la lugha tu, naye akabaki na krediti hizo za kujaza kwa somo jingine. Basi aulize kwa maandishi: mnatoa krediti, au mnaondoa sharti tu? Majibu hayo mawili yana tofauti ya muhula mzima.

Mitihani ya CLEP kwa jumla ndiyo inayoziba mapengo ambayo JST haifiki: aljebra, uandishi, historia ya Marekani, serikali. Kwa askari aliye kazini, wa akiba au wa ulinzi wa taifa, jaribio la kwanza la kila somo hulipiwa na DANTES, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosaidia elimu ya askari. Akishindwa lazima angoje miezi 3, na safari ya pili analipa mwenyewe. Basi asiende kubahatisha kwa sababu tu ni bure. Aangalie pia kituo anachofanyia, kwani vituo vingine hutoza ada yao ya usimamizi hata kama mtihani wenyewe umelipiwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na JST ni daftari linaloandikwa na watu waliochoka. Kozi husahaulika. Kwa Jeshi la Nchi Kavu taarifa hutoka kwenye mfumo wa mafunzo uitwao ATRRS, na kama karani wa shule hakufunga kozi kwenye mfumo, haitaonekana hata kama una cheti ukutani. Kozi fupi zilizofundishwa kikosini, nje ya mfumo huo, mara nyingi hazimo kabisa. Dawa ni kutunza karatasi: cheti cha kuhitimu, fomu ya DA 1059 ya tathmini ya shule, amri za kupandishwa cheo. Kosa likionekana, linapelekwa ofisi ya elimu ya kambi pamoja na karatasi hizo, na ni rahisi mara kumi mtu akiwa bado amevaa sare. Akishatoka, fomu DD 214, ile anayopewa wakati wa kutoka, itasaidia kidogo, lakini yule karani amehamishwa na kikosi kina watu wapya.

Hili la majina linatuhusu sisi hasa. Kijana ameandikishwa jeshini kwa majina matatu, la babu likiwa la mwisho. Akapata uraia, akabadilisha mpangilio, au binti akaolewa. Anaomba chuo kwa jina jipya, JST inafika kwa jina la zamani, mfumo wa chuo haumtambui, na hati inalala kwenye kundi la hati zisizo na mwenyewe. Yeye anangoja, chuo kinangoja, muhula unaanza. Jina lirekebishwe kwenye kumbukumbu za jeshi kwanza, au chuo kipewe majina yote mawili kwa maandishi siku ya kuomba. Na JST itumwe kupitia tovuti yake yenyewe moja kwa moja kwa chuo. Nakala aliyoichapisha na kuipeleka kwa mkono si rasmi. Wakati wa kuchagua chuo kwenye orodha ahakikishe kampasi ni ile anayokwenda.

Nije kwenye fedha, maana hapo krediti zilizokaa vibaya huweza kumdhuru mtu. GI Bill ya baada ya 9/11 hutoa miezi 36, yaani miaka minne ya masomo ya miezi tisa tisa. Idara ya Maveterani hudai chuo kipime mafunzo yote ya awali ya mwanafunzi, ya kijeshi yakiwamo, na kufupisha masomo yake inapofaa. Kwa hiyo kuificha JST haiwezekani na si halali. Tena idara hiyo hulipia tu masomo yanayohitajika kwa shahada. Krediti za jeshi zikishajaza nafasi zote za hiari, somo jingine la hiari utakalotaka halilipiwi, na likiondolewa kwenye hesabu unaweza kushuka chini ya kiwango kinachokupa posho ya nyumba. Kijana anayeona posho imepungua bila kuelewa sababu, mara nyingi sababu ni hiyo. Kwa upande wa faida, krediti 30 zilizoingia mahali pake ni mihula miwili, yaani kama miezi 9 ya GI Bill inayobaki kwa shahada ya uzamili.

Kuhusu kuchagua chuo, jihadharini na wanaopokea kila kitu haraka mno. Shule iliyo na njaa ya fedha za GI Bill itakubali krediti 60 kwa simu moja. Lakini ukihamia chuo kingine, hicho kipya hakitazami walichokubali wa kwanza. Kinaichukua JST na kuipima upya tangu ukurasa wa kwanza, na masomo uliyosoma kule huenda yasipokelewe. ITT Technical Institute ilipofunga shule zake Septemba 2016, maveterani wengi walijikuta na masomo ambayo vyuo vingine havikuyataka, hata Bunge la Marekani likalazimika mwaka uliofuata kupitisha sheria ya kuwarudishia miezi yao. Kwa askari aliye kazini anayetumia msaada wa ada wa jeshi, chuo lazima kiwe kimetia saini makubaliano na Wizara ya Ulinzi, na makubaliano hayo yanakitaka kimpe mpango wa shahada uliokwisha kupimwa ndani ya siku 60 tangu hati zote rasmi zifike. Udai mpango huo. Mapokezi ya mdomo ya ofisa wa udahili hayana uzito wowote mbele ya msajili.

Walio Jeshi la Anga wana njia yao. Wao huwa na Community College of the Air Force, iliyoanzishwa 1972, ambayo ni chuo kamili kilichoidhinishwa na hutoa shahada ya miaka miwili. Aliyehitimu huko anaweza kuingia kwenye vyuo vilivyo katika ushirikiano unaomtaka amalizie krediti zisizozidi 60 kupata shahada ya kwanza. Sharti linalowaangusha wengi ni kwamba lazima akamilishe kabla ya kuondoka jeshini. Akitoka amebakiza somo moja, shahada ile haipati tena.

Madereva, fani 88M, wasihangaike sana na krediti kama wanachotaka ni lori. Majimbo huweza kuwasamehe mtihani wa barabarani wa CDL, leseni ya magari makubwa ya biashara, kama wana uzoefu wa miaka miwili, lakini maombi yafike ndani ya mwaka mmoja tangu waache kazi hiyo ya udereva jeshini.

Kwa aliyebakiza miezi sita hivi kutoka, naomba mumsomee mpangilio huu kwenye simu. Mwezi wa kwanza aipakue JST na kuisoma na vyeti vyake mkononi, apeleke makosa ofisi ya elimu. Wa pili na wa tatu afanye DLPT ikiwa kikosi kinaruhusu, na CLEP mbili za masomo ya msingi. Wa nne achague vyuo vitatu, aandikie kila kimoja akiambatisha nakala isiyo rasmi, aulize krediti ngapi zinaingia kwenye fani, ngapi kwenye masomo ya msingi na ngapi zinabaki kuwa za hiari. Wa tano alinganishe majibu. JST rasmi na maombi ya udahili viende wa sita, kwa chuo kilichojibu kwa maandishi.

Wenu,
Mshauri wa masomo ya maveterani,
Texas, Marekani